Mama kijacho na mwili wake: maswali mnayouliza sana kuhusu mkao, pumzi na kujikaza, kabla na baada ya kujifungua

Nafundisha wamama wajawazito na waliojifungua jinsi ya kuutumia mwili bila kuutesa, na maswali ni yale yale yanazunguka kila siku kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mengine nimejibu kwa kirefu manake ndo yana mambo, mengine kifupi tu. Haya hayachukui nafasi ya kliniki yako. Kama una presha, kondo limekaa chini, umeambiwa mlango wa kizazi ni mfupi au unatokwa damu, muulize kwanza daktari au mkunga wako kabla hujajaribu chochote humu.

Hiyo "kuusikiliza mwili" mnayosema kila siku ni nini hasa?

Ni kugundua unajikaza wapi wakati hamna sababu ya kujikaza. Hapo ulipo unasoma hii, ulimi umeubana juu kwenye kaakaa? Meno yanagusana? Bega la upande unaoshika simu limepanda? Makalio umeyabana? Pumzi je, inaenda au umeishikilia? Wengi nikiwauliza hivo wanashtuka, wanakuta vitu vitatu vinne vimekazwa na wala hawakujua. Sasa usikimbilie kujirekebisha, ukijirekebisha kwa haraka unaongeza kukaza kwingine juu ya kule kwa mwanzo. Gundua, achia, endelea na ulichokuwa unafanya.

Najua kuna watu wanakidharau hiki kitu kwa sababu hakitoi jasho, wanataka zoezi. Lakini uchungu ukija hamna muda wa kuanza kujifunza kuachia taya, unakuwa na sekunde chache tu kabla haujapanda, na mwili utafanya kile ulichouzoesha. Aliyezoea kuachia mabega akiwa anaosha vyombo au yuko kwenye foleni ndo atakayeweza kuyaachia akiwa leba.

Kila mtu ananiambia "simama wima", mbona nikijinyoosha ndo mgongo unauma zaidi?

Kwa sababu kujinyoosha kwa nguvu nako ni kujikaza. Angalia kinachotokea: tumbo linakua linakuvuta mbele, wewe bila kujua unajibu kwa kuegemea nyuma, magoti yanakazwa mpaka yanakuwa kama yamefungwa, kiuno kinabonyea, kifua kinatoka, kidevu kinapanda na shingo nyuma inajikunja. Hapo misuli midogo ya kiuno inashika kazi ambayo sio yake kuanzia asubuhi mpaka usiku. Afu mtu anakuja anakwambia jinyooshe, unasukuma kifua mbele zaidi, kiuno kinazidi kubonyea. Lazima iume.

Jaribu hivi. Anzia chini, kwenye nyayo, uone uzito uko wapi, wengi wanakuta wote uko kwenye visigino au wote kwenye mguu mmoja. Uache ugawanyike, kisigino, chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo, miguu yote miwili. Fungua magoti, yaani usiyakunje ila yasiwe yamefungwa. Makalio yaachie yashuke yenyewe, usiyakunje chini kwa makusudi. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5, kwa hiyo kikikaa juu ya shingo vizuri misuli inapumzika na kikining'inia mbele kwenye simu mgongo wote unalipa. Fikiria tu kwamba kisogo kinaenda juu, usikisukume. Utaona umerefuka kidogo na hujafanya kazi yoyote.

Na usibaki hapo! Hata mkao mzuri ukikaa nao saa nzima unakuwa mbaya. Badilisha.

Kuinuka kitandani na kwenye kiti kumekuwa vita, nifanyeje?

Kitandani usiinuke ukiwa chali kwa kujivuta kichwa, hiyo inaibebesha misuli ya tumbo ya katikati mzigo wakati tayari imenyooka sana. Kunja magoti, geuka ubavu ukiwa mzima mzima, mabega na nyonga pamoja, teremsha miguu chini ya kitanda na wakati huo huo jisukume kwa mkono na kiwiko. Ukikaa, subiri pumzi moja mbili kabla ya kusimama, presha ya damu inashuka ukisimama ghafla na kizunguzungu ukiwa na mimba sio mchezo.

Kwenye kiti, sogea mbele kwanza mpaka ukae ukingoni, miguu irudi nyuma karibu na kiti ikiwa imepanuka kidogo kutoa nafasi ya tumbo. Sasa hapa jiangalie vizuri. Watu wengi kabla hata makalio hayajaachana na kiti wameshashika pumzi, kidevu kimepanda na mikono imeng'ang'ania magoti. Achia shingo. Inama kuanzia kwenye nyonga, sio kiunoni, kichwa kitangulie mbele na juu, uzito ukishafika kwenye nyayo miguu itakunyanyua yenyewe huku unatoa pumzi. Kurudi kukaa ni hivo hivo kinyume chake, usijidondoshe. Kwa siku unakaa na kuinuka mara nyingi sana, kwa hiyo hilo ni zoezi la mapaja ambalo hukulitafutia muda.

Kama ukisimama mguu mmoja kuvaa, ukipanda ngazi au ukigeuka kitandani unasikia maumivu makali mbele kwenye mfupa wa kinena au nyuma juu ya makalio, hayo ni maumivu ya maungio ya nyonga, yanawapata wajawazito wengi. Vaa ukiwa umekaa, geuka magoti yakiwa pamoja, panda ngazi moja moja, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia mapema. Usiambiwe ni kawaida ukavumilia mpaka ushindwe kutembea.

Nilale upande gani?

Ubavu, wowote, kuanzia wiki ya 28 na kuendelea. Ukilala chali mfuko wa uzazi unaelemea mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kinachoangaliwa zaidi ni ule mkao unaoingia nao usingizini, kwa hiyo ukiamka saa nane usiku ukajikuta chali usilie wala usidhani umemdhuru mtoto, geuka tu ulale. Mto katikati ya magoti mpaka vifundo vya miguu, mwingine mdogo chini ya tumbo, na kama kiuno kina nafasi weka taulo lililokunjwa.

Nimesikia kuna zoezi la kulala sakafuni na vitabu chini ya kichwa, linahusu nini?

Hilo linatoka kwenye Mbinu ya Alexander. Frederick Matthias Alexander alizaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa msanii wa jukwaani na sauti ikawa inampotea akiwa anaigiza. Akajitazama kwenye vioo akagundua kila akitaka kusema anavuta kichwa nyuma, anabana koo na anavuta pumzi kwa kelele. Kilichomsaidia ilikuwa kusimama kidogo kabla ya kitendo na kuiacha ile tabia. Alihamia London mwaka 1904 akafundisha huko miaka mingi. Mimi naona huo usitishaji mdogo kabla ya kitendo ndo zawadi kubwa kwa mama mwenye uchungu, manake unakupa nafasi ya kuchagua.

Zoezi lenyewe: unalala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, vitabu vichache chini ya kichwa ili shingo isijikunje, dakika 10 hadi 20, macho wazi, unaacha mgongo upanuke sakafuni. Mimba ikishakuwa kubwa usilale hivo bapa, jiinue kwa mito mpaka uwe umeegemea nusu kukaa, au fanya ukiwa ubavu. Ukisikia kichefuchefu, kizunguzungu au joto la ghafla geuka ubavu saa hiyo hiyo. Baada ya kujifungua unarudi sakafuni.

Kubana misuli ya chini kila siku si kutanifanya nijifungue kwa shida?

Hapana, usiogope. Daktari wa Marekani Arnold Kegel aliandika kuhusu mazoezi hayo mwaka 1948 na mpaka leo ndo ya kwanza kupewa mama anayevujisha mkojo. Ni kama unazuia upepo na mkojo kwa pamoja, kunyanyua kwenda ndani na juu, bila kubana mapaja wala makalio na bila kushika pumzi. Wengi wanaelekezwa kubana mara 8, mara 3 kwa siku, angalau miezi 3. Usizoee kufanya wakati unakojoa kweli, unavuruga kibofu.

Ila nusu ya zoezi ni kuachia na hiyo nusu watu wanairuka. Ukishabana, achia mpaka mwisho, usikie kama msamba (ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa) unashuka na kufunguka, pumzi ikiingia. Kaa hapo muda ule ule uliobana au zaidi. Kuna wamama ambao shida yao sio ulegevu, misuli imekaza muda wote, tendo la ndoa linauma, choo kigumu. Hao kubana zaidi kunawaumiza, wanatakiwa wafundishwe kuachia kwanza.

Mtoto amegeukia vibaya, mikao itamrudisha?

Nitakwambia ukweli hata kama sio ulichotaka kusikia. Kama mgongo wake uko upande wa mgongo wako, kukaa kwa mikono na magoti kunapunguza sana maumivu ya kiuno, na hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kufanya, lakini haijathibitika kwamba kufanya hivo wiki za mwisho kunabadilisha atakavyokaa siku ya kuzaliwa. Wengi wanageuka wenyewe ndani ya leba. Kama ametanguliza makalio mpaka wiki ya 36 hivi, zungumza na daktari, kuna njia ya kumgeuza kwa mikono kutoka nje ya tumbo inayofanywa hospitali. Tafadhali usilaumu kochi lako wala mkao wako.

Mkao gani ni mzuri leba?

Ule unaoutaka, na kuuacha ukichoka nao. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 linasema mama asiye na hatari kubwa ahamasishwe kutembea na kuwa wima wakati wa uchungu, na wakati wa kusukuma achague mkao anaoutaka. Wamama wanaokuwa wima hatua ya kwanza, yaani mlango wa kizazi unapofunguka, leba yao kwa wastani inapungua kwa zaidi ya saa moja. Hatua ya pili, ile ya kusukuma, kwa ambao hawajachomwa ganzi ya mgongo, kuwa wima kunapunguza kuongezewa njia na kunapunguza kuvutwa mtoto kwa vyombo, ingawa damu inaweza kutoka zaidi kidogo, hilo nalo ulijue.

Sababu yake unaweza kuishika kwa mkono. Weka kiganja nyuma kwenye ule mfupa bapa ulio juu ya kifandugu, afu piga magoti uegemee kiti. Mfupa huo uko huru, unaweza kusogea nyuma kidogo kumpa mtoto nafasi. Ukiulalia unazuiwa na kitanda. Mwanzoni watu wengi wanapenda kutembea, kuyumbisha kiuno, kukaa kwenye mpira mkubwa wa mazoezi, kuegemea ukuta au mtu. Mtoto akishashuka, kupiga magoti, kuchuchumaa kwa kushikiliwa, kulala ubavu mguu wa juu umenyanyuliwa. Kitu kidogo ambacho wengi hawaambiwi, magoti yakiingia ndani kidogo na visigino vikaenda nje, ile njia ya chini ya nyonga inapanuka nyuma, wakati kupanua magoti sana kunasaidia zaidi mtoto akiwa bado juu.

Ubavu usiudharau. Mama aliyechoka akilala ubavu bado ameuacha ule mfupa huru.

Wodini nikiambiwa nilale chali tu?

Uliza mapema, ukiwa kliniki, sio siku ya uchungu. Kulala chali kujifungua sio sheria ya maumbile, Ulaya kulienea karne ya 17, Mfaransa François Mauriceau akiwa mmoja wa waliokutetea kwenye maandishi yake ya 1668, na kunamrahisishia zaidi anayehudumia. Siku yenyewe sema kwa upole, "Sista, naomba nijaribu ubavu kwanza, ukihitaji kunipima nitageuka." Wakunga wengi wanakubali ukiomba hivo. Lakini kuna wakati kweli inabidi, mapigo ya mtoto yanashuka, mabega yamekwama, damu inatoka nyingi, hapo fanya unachoambiwa saa hiyo hiyo.

Nipumue vipi, na nisukume vipi?

Pumzi inayotoka ndo ya kuangalia, ya kuingia itajileta. Uchungu ukianza kupanda toa pumzi ndefu, midomo imelegea, na kama sauti inakuja iache iwe ya chini, ya kifuani, "aaaa" au "ooo". Sauti ikipanda ikawa nyembamba utakuta mabega yamepanda nayo na taya limekaza. Ishushe, mabega yatafuata. Uchungu ukiisha angalia viganja, fungua vidole, wengi wanabaki wameshika shuka hata baada ya maumivu kuondoka na hapo ndo nguvu inapopotelea.

Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read tangu miaka ya 1930 alisema hofu inaleta kukaza na kukaza kunaongeza maumivu, yakiongezeka hofu inarudi. Nakubaliana nae kwa sehemu kubwa ila naomba tusilitumie kumlaumu mtu. Kuna leba inauma sana hata kwa aliyeachia kila kitu, na kuomba dawa ya maumivu sio kushindwa.

Kusukuma, subiri mwili ukuambie. Hamu ikija fuata, sukuma kwa vipindi vifupi kadiri unavyosikia, huna haja ya kushika pumzi mpaka uso uwe mwekundu. Kichwa kikianza kuonekana mkunga atakwambia acha kusukuma, hapo hema kwa midomo wazi. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba kinasaidia kupunguza kuchanika vibaya, unaweza kukiomba.

Nikichomwa ganzi ya mgongo au nikifanyiwa upasuaji haya yote si yatakuwa bure?

Hapana jamani. Kwa mwenye ganzi, kusukuma akiwa amelala ubavu kumeonekana kumsaidia kujifungua kwa njia ya kawaida kuliko kukaa wima, kwa hiyo omba ugeuzwe ubavu na mto mkubwa katikati ya magoti. Upasuaji nao, mara nyingi uko macho, unasikia unavutwa huku na huku, kuachia taya na kutoa pumzi polepole ndo kitu pekee kilichobaki mikononi mwako na kinatuliza kweli. Afu siku inayofuata ile ya kugeuka ubavu kabla ya kuinuka utaishukuru. Ukikohoa au kucheka, bana mto juu ya mshono.

Mume wangu au dada yangu akiingia na mimi afanye nini?

Akuangalie uso na mabega, sio saa ya ukutani. Akiona bega limepanda aweke mkono hapo, mzito, umetulia, asiseme "tulia" manake hilo neno halijawahi kumtuliza mtu. Kiuno kikiuma asukume kwa kiganja kwenye ule mfupa bapa wakati wa uchungu, na aachie ukipita.

Baada ya kujifungua nianze lini?

Pumzi na kuachia, siku hiyo hiyo. Kubana misuli ya chini, ukisikia uko tayari, na kama una mpira wa mkojo subiri utolewe. Kutembea taratibu ndani siku za mwanzo. Ukifanyiwa upasuaji usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako kwa wiki 6 hivi. Mbele ya safari, lengo la Shirika la Afya Duniani kwa wajawazito na waliojifungua ambao hawana kizuizi ni dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, ila hapo unafika kidogo kidogo.

Tumbo lililoachana katikati linajirudi sana ndani ya wiki 8 za kwanza. Ukiinuka ukaona kimstari kinatokeza kama mgongo wa samaki katikati ya tumbo, zoezi hilo bado ni zito kwako, liache kwanza. Mkanda wa tumbo unakupa msaada, ila misuli inarudi kwa kufanya kazi.

Nanyonyesha na shingo inaniua.

Nikuoneshe ninachokiona kila siku. Mama anakaa katikati ya kitanda bila kuegemea, mtoto yuko mapajani, afu yeye anainama kumpelekea ziwa. Bega la upande huo liko sikioni, kidole gumba kimekaza kama ndoano, vidole vya miguu vimejikunja, na pumzi imesimama mpaka mtoto ashike chuchu. Mara nyingi akishashika mama anabaki hivo hivo nusu saa.

Jipange wewe kwanza, mtoto baadaye, hata kama analia. Rudi nyuma mpaka mgongo upate kitu, nyayo zifike chini au ziwekee kitu, mto chini ya mkono. Ndo umnyanyue mtoto aje kwenye ziwa, tumbo lake likiangalia tumbo lako, pua usawa wa chuchu, sikio, bega na nyonga yake kwenye mstari mmoja. Akishashika, toa pumzi, achia bega, achia vidole vya miguu. Au egemea nyuma kabisa nusu kulala umlaze kifuani, uzito wake ubebwe na mwili wako na sio mikono. Ikiendelea kuuma kwenye chuchu hiyo ni namna alivyoshika, omba mkunga aangalie.

Nikijaribu kuusikiliza mwili napata hofu, nataka kulia.

Inatokea, zaidi kwa waliojifungua vibaya au waliowahi kuumizwa. Usijilazimishe kuingia ndani. Fungua macho, angalia vitu vya chumbani, sikia nyayo chini na mgongo kwenye kiti, basi ishia hapo kwa leo. Na kama huzuni imezidi wiki mbili, hulali hata mtoto akilala au mawazo ya kujidhuru yanakuja, mwambie mtu leo na umwone daktari, huo ni ugonjwa na unatibika.

Nini nisikichukulie kama mkao tu?

Kuumwa kichwa sana na kuona nyota nyota, uso au mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya mbavu, damu, chupa kupasuka, mtoto kupunguza kucheza, homa, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, kifua kubana, mgongo unaouma kwa vipindi kabla ya wiki 37. Baada ya kujifungua ongeza kulowesha pedi nzima ndani ya saa moja, usaha kwenye mshono, na ganzi kwenye msamba pamoja na kushindwa kukojoa. Hospitali, usiku ule ule.

Mwanangu anaanza shule na mimi bado nikipiga chafya mkojo unatoka. Nimechelewa?

Hujachelewa hata kidogo. Misuli hiyo inajifunza umri wowote, na wapo wanaoanza wakiwa wameshakoma hedhi na wanapata nafuu. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga akupime kama kweli unabana panapotakiwa, manake wengi wanasukuma chini wakidhani wanabana. Kabla ya chafya, bana na unyanyue kwa ndani huku kichwa kikiwa juu, usijikunje. Na mweleze daktari vizuri kabisa, sema mkojo unatoka, mara ngapi kwa siku, ukifanya nini, usiseme tu "nasumbuliwa kidogo huku chini".